Kweli au si kweli: kusaka santuri ya kwanza ya Les Wanyika kati ya Korogwe na Handeni

Mwaka 1979, vijana wa London walipokuwa wakigombea santuri ndogo za bendi zao za punk, Nairobi nayo ilitoa santuri ya bendi changa iliyokuwa ndiyo kwanza inatafuta jina. Bendi hiyo ni Les Wanyika na wimbo uliowatoa ni "Sina Makosa". Hadi leo wimbo huo ukipigwa kwenye sherehe ya Manundu au Chanika, wazee na vijana huinuka pamoja.

Wimbo uko kila mahali. Kilichoadimika ni santuri yenyewe. Anayeisaka kati ya Korogwe na Handeni hukutana na maneno mengi: ya madalali wa gulioni, ya mafundi redio, ya warithi waliokuta sanduku chini ya kitanda cha marehemu babu. Baadhi ya maneno hayo ni ya kweli, mengine humpotezea mtu fedha, na lipo moja linaloharibu santuri isitengenezeke tena. Nimeyapanga hapa yale yanayosikika zaidi, kila moja na hukumu yake. Msimamo wangu nautanguliza: wimbo unaujua tayari, kwa hiyo usilipie wimbo. Lipia santuri, na usiilipie kabla hujaisoma.

1. "Simba Wanyika, Les Wanyika, wote ni wale wale."

SI KWELI. Ukoo ni mmoja, bendi ni mbalimbali, na ukoo wenyewe shina lake liko Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walianza kupiga muziki na Jamhuri Jazz ya Tanga mwaka 1966. Jamhuri nayo ilizaliwa miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi, jina linalokumbusha mashamba ya mkonge ya mkoa ule yalivyovuta vibarua kutoka Unyamwezi na kwingineko. Mwaka 1970 akina Kinyonga walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko ndiko jina la Simba Wanyika lilikozaliwa.

Novemba 1978 bendi ikapasuka. Mpiga gitaa la rhythm Omar Shabani, aliyejulikana kwa jina la Profesa, mpiga besi Tom Malanga na mpiga dramu Rashid Juma walijitoa na kuanzisha Les Wanyika. Wakaungana na John Ngereza na mwimbaji Issa Juma, wakafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, ndipo wakatoka na "Sina Makosa". Issa Juma naye hakukaa sana, akaenda kuunda Super Wanyika Stars.

Kwa msakaji, historia hii ina faida ya moja kwa moja. Ukisikia mtu anauza "santuri ya Wanyika", bado hujaambiwa kitu. Omba kuiona lebo, lisome jina la bendi lote, kisha soma jina la mtunzi lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo. Mara nyingi mtunzi ndiye anayekuonyesha ni Wanyika wa tawi gani.

2. "Santuri za bendi zetu zilitengenezwa Dar es Salaam."

SI KWELI. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kurekodi tulirekodi, tena kwa wingi: studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliwaingiza ndani karibu wote waliokuwa na jina. Lakini sauti zile zilibaki kwenye mikanda mikubwa ya redio kwa ajili ya matangazo. Ili wimbo uwe santuri ya kuuzwa dukani, ilibidi uchapwe nje, na kwa sehemu kubwa ulichapwa Nairobi.

Ndiyo maana santuri nyingi za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro zina lebo ya Polydor ya Kenya. Ndiyo maana pia taarabu ya Tanga, ya Black Star na Lucky Star, ilitolewa na Mzuri, lebo ya duka la Assanand na Wanawe la Mombasa. Kwa hiyo ukiona neno "Kenya" kwenye lebo ya bendi ya Kitanzania, usiishuku santuri. Shuku ile inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1970 na kuchapwa Dar.

Hapo pia utaelewa kwa nini kuna nyimbo ambazo mzee wa Mombo anazikumbuka neno kwa neno, na santuri yake haipo popote duniani. Alizisikia redioni, na hazikuwahi kuchapwa.

3. "Sina Makosa ilikuwa kila nyumba yenye gramafoni, ukizunguka Korogwe utaipata tu."

NUSU KWELI. Wimbo ulifika kila nyumba. Santuri ilikuwa na kizuizi kikubwa mbele yake.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Santuri ya Les Wanyika ilitoka katikati ya miaka hiyo. Biashara ya kawaida iliyokuwa ikileta mizigo ya Nairobi na Mombasa hadi Tanga, kisha Korogwe na Handeni, ilikuwa imekatika. Mawimbi ya redio hayaulizwi kibali mpakani, kwa hiyo wimbo ulipita. Sahani ya plastiki ilihitaji mtu wa kuibeba, na aliyeibeba aliibeba kwa magendo au aliileta baada ya mpaka kufunguliwa, wakati ambao kanda za kaseti zilikwisha kushika soko.

Ukilijua hilo, utasaka kwa akili. Katika sanduku la Korogwe lililojazwa kabla ya 1977, tegemea Jamhuri Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Franco na wenzake wa Kinshasa. Ukikuta "Sina Makosa" halisi ya 1979 katika sanduku la namna hiyo, muulize mwenye nyumba imefikaje. Mara nyingi jibu litakuwa na safari ndani yake: ndugu aliyefanya kazi Mombasa, dereva wa lori, mjomba aliyerudi na mzigo wake wote. Jibu hilo ni sehemu ya thamani ya santuri, liandike.

4. "Ikiwa ina jina la wimbo na lebo ya zamani, ni chapa ya kwanza."

SI KWELI, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wimbo uliopendwa ulichapwa na kurudiwa. Ulitoka kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45, ukaja kuwekwa kwenye santuri kubwa ya mizunguko 33, ukachanganywa na nyimbo za bendi nyingine katika mikusanyo. Hata mwaka ulioandikwa kando ya herufi P iliyo ndani ya duara ni mwaka sauti ilipotolewa mara ya kwanza. Sahani uliyoishika inaweza kuwa imechapwa miaka kadhaa baadaye.

Ichukue kwa kingo, viganja vikigusa ukingo tu. Isogeze mlangoni mwanga uingie kwa ubavu, usiitazame chini ya taa iliyo juu yake. Kati ya mwisho wa mifereji ya wimbo na karatasi ya lebo kuna ukanda laini. Izungushe polepole: humo utaona namba na herufi zilizochorwa au kupigwa kwenye plastiki yenyewe, ndogo kama zilizoandikwa kwa ncha ya sindano. Hiyo ni namba ya bamba lililochapia upande ule. Sasa ilinganishe na namba iliyo kwenye lebo. Zikikubaliana, karatasi na sahani ni za kazi moja. Zikipingana, jiulize: huenda lebo ilibandikwa kwa makosa kiwandani, huenda bamba lilitoka kwingine, au kuna mtu amechezea.

Geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Nyimbo ndefu za dansi za Nairobi na Kinshasa zilikuwa zikikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande mwingine, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika chache tu. Anayekuambia wimbo mzima wa dakika nyingi uko upande mmoja wa santuri ndogo, mwombe auweke kwenye mashine usikilize hadi mwisho.

5. "Santuri ya zamani ni dhahabu, usiiuze chini ya milioni."

SI KWELI kwa nyingi, ni kweli kwa chache sana. Umri peke yake hauleti bei. Bei huletwa na mambo matatu kwa pamoja: zilichapwa ngapi, zimebaki ngapi zikiwa nzima, na wangapi wanazitaka.

Wenzetu wa Uingereza wanatupa mfano mzuri kwa kuwa historia yao imeandikwa. "New Rose" ya The Damned, ya Oktoba 1976, huhesabiwa kuwa santuri ndogo ya kwanza ya bendi ya punk ya nchi ile. Miezi mitatu baadaye Buzzcocks wa Manchester walijitolea wenyewe "Spiral Scratch", nakala 1,000 za kuanzia. Wakusanyaji huiheshimu chapa ile ya mwanzo kwa sababu idadi yake ilikuwa ndogo na inajulikana. Zilizochapwa baadaye zina nyimbo zile zile, na bei yake iko mbali.

Kwetu hapa kanuni ni hiyo hiyo, na matokeo yake huwashangaza wengi. Kibao kilichovuma kilichapwa kwa wingi na kikapigwa mpaka kikalika. Santuri ya bendi ya mji mdogo, ambayo haikuuzwa wakati wake na sasa hakuna anayekumbuka jina lake, ndiyo inaweza kutafutwa zaidi. "Sina Makosa" ina wapenzi wengi mno, lakini usizidharau zilizo chini yake kwenye lile sanduku. Soma kila lebo.

Na hapa niseme la haki. Mama aliyerithi sanduku la mumewe huko Kwamsisi au Mashewa hajui bei ya soko la mbali, na hana sababu ya kuijua. Wewe unayejua, mwambie. Ukikuta santuri moja yenye thamani kuliko sanduku zima, itaje kwa jina na umlipe ile peke yake kwa bei yake. Msakaji anayenunua kwa kunyamaza hupata sanduku moja na kuupoteza mtaa mzima, maana habari hutembea kati ya nyumba na nyumba haraka kuliko yeye.

6. "Ikiwa na mikwaruzo haifai tena."

NUSU KWELI. Kuna mkwaruzo wa macho na mkwaruzo wa sauti. Pitisha ukucha kwa wepesi juu ya mstari unaouona. Usipouhisi, mara nyingi ni wa juujuu na utasikia mchakacho mdogo tu, au hutasikia kitu. Ukucha ukinasa, sindano nayo itanasa: itaruka au itarudia neno moja bila kusonga mbele.

Ubaya mkubwa zaidi hauonekani kirahisi. Santuri nyingi za vijijini zilipigwa kwenye mashine ndogo za betri zenye mkono mzito, na sindano moja ilitumika mpaka ikawa butu. Sindano butu haichori mstari. Hula kuta za mifereji. Sahani inabaki laini kwa macho lakini imepoteza weusi wake wa kung'aa, ina ukungu wa kijivu katikati ya wimbo, na sauti za juu za gitaa hutoka zimepasuka. Kwa muziki wa Wanyika, ambao uzuri wake wote uko kwenye magitaa yanayojibizana, hilo ni pigo. Ndiyo maana kusikiliza ni lazima hata kama sahani inavutia.

Kupinda nako ni kwa aina mbili. Ukiiweka juu ya meza na ukingo ukanyanyuka kidogo, sindano inaweza kuufuata bila shida. Ikiwa imejikunja kwa mawimbi, ilipata joto kali: paa la bati, dirisha la jua, kiti cha gari lililosimama mchana kutwa Segera. Plastiki ya santuri huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kidogo. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, hazilaliani, kwenye chumba chenye kivuli na hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu, kwa kuwa majalada ya karatasi huota ukungu na ukungu huhamia kwenye mifereji.

7. "Spiriti husafisha santuri zote."

SI KWELI, na hili ndilo neno linaloua. Masanduku ya zamani huwa na santuri za aina mbili zilizochanganyika. Zipo za mizunguko 45 za plastiki ya vinili, teknolojia iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1949 na kuenea kwetu miaka ya 1960. Zipo na za kizazi kilichotangulia, za mizunguko 78, ambazo ndizo alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928. Hizo za zamani zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wa Asia, uliochanganywa na unga wa mawe. Shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Ukiifuta kwa kitambaa chenye spiriti, utaondoa uchafu pamoja na wimbo.

Kuzitofautisha si kazi. Ya shelaki ni nene, nzito, haipindiki, na ikianguka sakafuni hupasuka kama sahani ya udongo. Ya vinili ni nyepesi na hunyumbuka kidogo. Lebo nayo husaidia: tafuta 78 au 45.

Kwa zote mbili, njia salama ya kuanzia ni maji. Maji ya kisima chenye chumvi huacha alama nyeupe ndani ya mifereji, kwa hiyo maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa ni bora. Weka tone moja la sabuni laini ya maji, chovya kitambaa kisichochuna, kile cha kufutia miwani, kisha futa kwa kuzunguka kufuata mifereji, kamwe usikate katikati. Lebo ya karatasi isilowe. Suuza kwa maji matupu, simamisha kivulini ikauke yenyewe. Mafuta ya taa, petroli na mafuta ya nazi yasikaribie kabisa.

8. "Nikiwa na santuri, wimbo ni wangu, naweza kuutoa upya."

SI KWELI. Ulichonunua ni sahani. Utunzi ni wa mtunzi na warithi wake, na sauti iliyorekodiwa ina haki zake nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda yote mawili, na haki za mtunzi haziishi siku anapozikwa. Kuusikiliza nyumbani ni haki yako. Kuuchapa upya, kuuza nakala au kuupandisha mtandaoni kwa kipato kunahitaji ruhusa. Wengi wa waliopiga kwenye santuri hizi wametangulia mbele ya haki, na familia zao zipo. Mapenzi ya muziki yasiyowajali wenye muziki hayajakamilika.

9. "Hakuna kilichobaki, wageni wamemaliza zote."

NUSU KWELI. Ni kweli kwamba watu wa nje walitutangulia kuthamini. Taarabu ya Black Star na Lucky Star ya Tanga ilitolewa upya London mwaka 1989 na GlobeStyle, katika mkusanyo ulioitwa Nyota. Dansi la Tanzania la miaka ya 1960 lilitoka Ufaransa mwaka 2007 katika mfululizo wa Zanzibara. Sunburst, bendi ya Dar iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika, ilirudi sokoni mwaka 2016 kupitia Strut ya Uingereza. Kazi hizo zimeokoa sauti nyingi na ninazishukuru.

Lakini msakaji wa nje hupita Nairobi, kwenye vibanda vya Kenyatta Market, hupita Mombasa na Dar, kisha hurudi kwao. Hasimami Mombo wala Ngombezi. Hakai Mkata kungoja siku ya gulio, hajui ni nani alikuwa fundi redio wa Chanika mwaka 1975, na hawezi kumsalimu bibi kwa Kizigua au Kisambaa akakaribishwa ndani. Wewe unaweza. Anza na mafundi redio wazee, maana wateja wao waliwaachia mashine na santuri pamoja. Fuata klabu na kambi za mashamba ya mkonge. Ulizia waliokuwa na baa zenye muziki, walimu wastaafu na wafanyakazi wa reli.

Ukiipata "Sina Makosa", au nyingine usiyoitegemea, fanya mambo manne kabla hujatoka pale. Piga picha lebo za pande zote mbili. Nakili namba za ule ukanda laini. Andika jina la aliyeinunua kwanza, alikoinunua na mwaka anaoukumbuka. Halafu, kama mashine ipo, irekodi sauti kwa simu na umwachie mwenye nyumba nakala. Santuri isiyo na maelezo hayo ni plastiki nzuri yenye wimbo tunaoujua. Yenye maelezo hayo inatuambia muziki wetu ulivyosafiri, nani aliubeba na kwa njia gani, jambo ambalo hakuna mkusanyo wa London wala Paris unaoweza kutuambia kwa niaba yetu.